Burboni ya bei nafuu: yanayosemwa na ukweli ulivyo

Rafu ya chini katika maduka ya pombe ya Marekani imebeba wiski nzuri sana, na wengi wanaipita bila kuitazama kwa sababu ya maneno waliyoyasikia. Naipenda burboni, wiski ya Marekani itokanayo hasa na mahindi, na nataka chupa za chini ya dola 30 zitendewe haki. Basi nitayataja yanayosemwa, kisha niseme ukweli ulivyo.

"Ikiwa rahisi, imechakachuliwa"

Dhana hii ndiyo inayoharibu zaidi. Mtu anaona burboni ya dola 15 au 20 na moja kwa moja anaamini humo ndani kuna rangi ya kutia, sukari, au spiriti ya kuongezea ujazo. Lakini sheria ya shirikisho la Marekani haikuweka burboni ya tajiri na burboni ya maskini. Chupa yoyote yenye jina hilo imetokana na nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi. Imenerekwa, yaani imechemshwa na mvuke wake ukakusanywa, bila kuvuka asilimia 80 ya alkoholi, ikaingizwa katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na ikatiwa chupani ikiwa si chini ya asilimia 40. Baada ya hapo kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji tu. Wekundu wote unaouona kwenye glasi umetoka kwenye mbao.

Hapa burboni imewazidi wenzake. Wiski ya Scotland inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli, na konyaki, brandi ya Ufaransa, vilevile. Mnunuzi wa burboni ya bei ya chini ana ulinzi ambao mnunuzi wa konyaki ya bei ya juu hana.

Tahadhari ni moja: soma lebo. Ikitaja ladha ya asali, tufaha au cheri, hiyo imetiwa ladha na si burboni tunayoizungumzia. Ikiandikwa "blended", inaweza kuwa imechanganywa na spiriti isiyo na ladha. Neno la kutafuta ni "straight", maana yake wiski imekaa pipani miaka isiyopungua 2, na ikiwa haijafika miaka 4, lebo inalazimika kutaja umri wake.

Kwa mwenye bajeti ndogo, maneno bora zaidi kwenye lebo ni "Bottled in Bond". Sheria yake ilipitishwa mwaka 1897, wakati soko lilikuwa limejaa spiriti ghafi iliyopakwa rangi na kuuzwa kama wiski iliyokomaa. Kanali E. H. Taylor, mnerekaji wa jimbo la Kentucky, aliipigania pamoja na John G. Carlisle aliyekuwa waziri wa fedha. Masharti yake ni haya: wiski itoke kwa mnerekaji mmoja, katika msimu mmoja wa unerekaji, ikae angalau miaka 4 katika ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na itiwe chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Burboni ya Evan Williams ya lebo nyeupe imetimiza yote hayo, na Old Grand-Dad Bonded pia. Zote mbili ziko kwenye rafu hiyo ya chini.

"Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa bora"

Watu wameichukua dhana hii kutoka kwa wiski ya Scotland, ambako ina mashiko kidogo. Kule hali ya hewa ni baridi na mara nyingi pipa limeshatumika, tena pengine liliwahi kubeba burboni yenyewe, kwa hiyo mbao hutoa ladha polepole. Burboni inalala katika pipa jipya. Mbao zake bado zimejaa sukari iliyoungua, vanilini yenye harufu ya vanila na tanini inayoleta ukakasi, na joto la kiangazi cha Kentucky huisukuma wiski ndani ya mbao, kisha baridi ya kipupwe huirudisha nje. Kazi inakwenda haraka. Ghala nyingi za huko zina ghorofa kadhaa na hazidhibitiwi joto, kwa hiyo pipa la ghorofa ya juu linapikika kuliko la chini. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja yanaweza kutofautiana sana baada ya miaka 6.

Ukipitisha muda, mbao zinashinda. Burboni ya miaka 20 iliyokaa mahali pabaya inakuwa na ukakasi unaokausha mdomo na uchungu wa gome, na ule utamu wa mahindi hauonekani tena. Wapo wanaoipenda hivyo, na ni haki yao. Lakini kwa ulimi wangu, burboni nyingi zinakuwa kwenye kilele kati ya miaka 6 na 12, na ya miaka 4 iliyonerekwa vizuri inaweza kuwa kamili.

Umri unapandisha bei kwa sababu zisizohusu ladha. Pipa la kawaida huchukua lita 200 hivi, na kila mwaka sehemu ya wiski hupotea hewani, hilo fungu ambalo wenyewe huliita la malaika. Juu ya hapo, Kentucky imekuwa ikitoza kodi ya kila mwaka kwa kila pipa lililo ghalani. Bunge la jimbo liliamua mwaka 2023 kwamba kodi hiyo ipunguzwe hatua kwa hatua hadi ifutwe mwaka 2043. Unaponunua chupa ya miaka 15, unalipia pia wiski ambayo haipo tena.

"Ghali ina ladha bora"

Tazama chupa za ukoo wa Jim Beam, kampuni ya wiski ya Kentucky. Ile ya lebo nyeupe, Knob Creek na Booker's zinatokana na mchanganyiko uleule wa nafaka. Ya kwanza ni ya miaka 4, asilimia 40. Knob Creek ina miaka 9 na asilimia 50. Booker's hutiwa chupani bila kuongezwa maji wala kuchujwa, na kwa kawaida huvuka asilimia 60. Kilichokufanya utoe pesa zaidi ni muda, uchaguzi wa mapipa na maji machache. Hivyo ni vitu vya kweli na vina thamani. Lakini vinabadilisha aina ya kinywaji zaidi ya vinavyokipandisha daraja, na mtu anayeona Knob Creek ina mbao nyingi kupita kiasi hajakosea.

Kisha kuna bei inayotengenezwa na uhaba. Burboni ya Weller na ile ya Van Winkle inayogombewa sana zote zinanerekwa katika kiwanda cha Buffalo Trace, mjini Frankfort, Kentucky, kwa mahindi, ngano na kimea cha shayiri. Habari hiyo ilipoenea, Weller iliyokuwa chupa ya kawaida rafuni ikaanza kuwindwa na kuuzwa mkononi kwa bei isiyolingana na kilichomo. Wiski haikubadilika kwa sababu wanunuzi walianza kuigombea.

Na ulimi wenyewe unadanganyika. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford, Marekani, waliwaonjesha watu mvinyo huku wakipima ubongo wao. Mvinyo uleule wa dola 90 ulitajwa mara moja kuwa wa dola 90 na mara nyingine kuwa wa dola 10. Ulipotajwa kwa bei kubwa, watu waliusifu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilifanya kazi zaidi. Kwa maneno mengine, walioonja hawakuwa wakijitia, walifurahi kweli. Ndiyo maana nasisitiza kuonja bila kujua kilichomo kwenye glasi. Mtu mwingine akumiminie, aandike herufi chini ya glasi, na bei isisemwe mpaka umeshaamua.

Jaribio la glasi tatu ni kali zaidi: mbili ziwe na wiski moja na ya tatu iwe na nyingine, nawe utafute iliyo peke yake. Ukishindwa kuitambua, tofauti ya bei kati ya chupa hizo mbili haina maana kwako.

"Burboni zote ladha ni moja"

Anayesema hivi hajaziweka pamoja. Ukinywa moja leo na nyingine mwezi ujao, kumbukumbu haitakusaidia. Weka tatu mezani kwa wakati mmoja: Maker's Mark, Evan Williams ya lebo nyeupe, na Old Grand-Dad Bonded. Anza na ya kwanza kwa sababu ina asilimia 45, hizo mbili zina 50. Ukianza na kali, hafifu itaonekana maji.

Mimina kidogo, kama vijiko viwili vya chai, kwenye glasi pana tumboni na nyembamba mdomoni. Usitumbukize pua ndani. Fumbua midomo kidogo, sogeza pua ukingoni, na uvute hewa taratibu, hapo mchomo wa alkoholi hupungua na harufu zinajitokeza. Funda la kwanza usilihukumu, kazi yake ni kuuzoesha mdomo. Hukumu kwa la pili.

Maker's Mark haina rai kabisa, ile nafaka inayoitwa "rye" kwa Kiingereza. Baada ya mahindi, nafaka yake ya pili ni ngano, asilimia 16. Inaleta mkate uliotoka kuokwa, asali na karameli, na inateremka bila kuchoma kwa viungo. Evan Williams ina mahindi mengi, asilimia 78, na rai asilimia 10 tu. Hapo unapata vanila, karanga za kukaanga na mwaloni ulioungua. Kisha Old Grand-Dad, yenye rai asilimia 27: pilipili manga, mdalasini, harufu kama ya mnanaa, na mwasho mtamu unaobaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Ukishaionja hiyo kando ya Maker's Mark, hutawahi tena kusema burboni ni kitu kimoja.

Nafaka haifanyi kazi peke yake. Watengenezaji wa Four Roses wanatumia michanganyiko miwili ya nafaka na aina tano za hamira, wakapata mapishi kumi tofauti. Hamira moja huleta matunda, nyingine maua, nyingine viungo. Chupa yao ya bei ya chini huchanganya kadhaa ya mapishi hayo.

"Laini ndiyo nzuri"

Sifa hii naiona imetukuzwa kupita kiasi. Burboni ya asilimia 40 ni laini kwanza kabisa kwa sababu imeongezwa maji mengi. Ile ya asilimia 50 kutoka kiwanda kilekile mara nyingi ina ladha nzito zaidi, na tofauti ya bei inaweza kuwa dola chache tu. Wild Turkey 101, yenye asilimia 50.5, ni mfano ninaoutaja kila ninapoulizwa. Wanywaji wenyewe wanalijua hilo: mwaka 2013 Maker's Mark walitangaza kushusha nguvu kutoka asilimia 45 hadi 42 ili kiasi kilichopo kitoshe mahitaji. Malalamiko yalikuwa makubwa hivi kwamba uamuzi ulifutwa baada ya siku chache.

Wengine wanakwenda upande wa pili na kusema kutia maji kwenye glasi ni kuiharibu. Kiwandani tayari wametia. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba maji yanapoongezwa, gwayakoli, kemikali yenye harufu ya moshi, hupanda karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapoweza kuifikia. Ionje kwanza kavu, kisha weka matone machache, uonje tena. Barafu ni suala jingine: baridi inafunga harufu, kwa hiyo iache hadi umalize kulinganisha. Na tema sehemu unayoonja. Ukionja burboni nne za asilimia 50 na kumeza kila funda, ya nne haihukumiki.

Mengine ya haraka

Burboni si lazima itoke Kentucky, ingawa sehemu kubwa mno inatoka huko. Sheria inataka itengenezwe Marekani, na Lawrenceburg ya Indiana ina kiwanda kikubwa kinachowauzia wenye lebo nyingi. "Small batch" haina maana kisheria. Kundi dogo la mmoja linaweza kuwa mapipa mia kadhaa ya mwingine. "Sour mash" haimaanishi ladha chachu, ni njia ya kutumia mabaki ya unerekaji uliopita ili kudhibiti uchachushaji, na karibu burboni zote hutengenezwa hivyo, ya bei ya juu na ya bei ya chini. Michirizi inayoteremka kwenye kuta za glasi inaonyesha alkoholi zaidi ya ubora. Na ile hadithi ya mchungaji Elijah Craig kuwa ndiye wa kwanza kuunguza mapipa haina ushahidi wowote wa wakati wake.

Nimalizie na chupa iliyofunguliwa. Burboni haikui tena ikishaacha pipa; iliyofungwa mwaka 1990 ikiwa na miaka 6 ni ya miaka 6 hadi leo. Lakini hewa inaigusa. Iliyojaa hukaa miezi mingi bila shida, iliyobaki robo hupoteza harufu mapema zaidi. Isimamishe wima, maana alkoholi inakula kizibo cha gome la mti ("cork"), iweke mbali na jua, na kama unataka kuilinganisha na chupa mpya baadaye, hamishia kilichobaki kwenye kichupa kidogo kinachojaa hadi shingoni.