Kuacha sukari hakuiui limfoma kwa njaa

Imani hii ni ya siku nyingi: acha sukari, saratani, ikiwemo limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu), ikose chakula. Mzizi wake ni kazi ya mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg ya miaka ya 1920, aliyeona kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi. Hilo ni kweli. Ila ini hutengeneza glukosi hata usipotia kitu kinywani, kwa hiyo anayekonda ni wewe, si limfoma. Na mwili uliodhoofika huhimili dawa kwa shida.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo huambatana na matibabu mengi ya limfoma, hupandisha sukari ya damu. Mwenye kisukari apunguze vitamu kwa sababu hiyo, basi.

Kinachomzuia mgonjwa kula mara nyingi ni vidonda vya mdomo. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha bikabonati ya soda katika mililita 250 za maji vuguvugu. Sukutua, tema, mara 4 hadi 6 kwa siku. Dawa za kusukutulia zenye alkoholi huchoma vidonda, ziache.

Vinkristini, dawa ya kemotherapia, nayo huathiri neva za utumbo, choo kikawa kigumu. Maji na matembezi husaidia, lakini omba dawa ya kulainisha choo mapema. Usijipige enema (maji au dawa ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa): kinga na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini, mchubuko mdogo huleta damu na maambukizi.

Joto likifika 38°C, piga simu hospitalini kabla ya kumeza parasetamoli, maana huificha homa.