Je, wajua? Programu ulizofungua nyingi zimelala, hazigombanii prosesa

Hapa Kigoma kwa miaka nilikuwa nawaambia watu kompyuta ikiwa nzito wafunge kila kitu, nikiamini ukifungua programu 50 basi kila moja inakula fungu lake la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Sio kweli, na inaniuma maana wengi nimewafundisha hivyo. Programu inaendeshwa na thredi, yaani mfululizo wa maagizo ambayo prosesa inayafuata, na thredi nyingi muda mwingi zimelala, zinasubiri ubonyeze kibodi, diski isomwe, intaneti ijibu, na iliyolala haimo hata kwenye foleni. Kinachojaa mara nyingi ni memori, ingawa zipo programu zinazojiamsha kila mara, hizo zifunge tu.

Sasa zilizo macho zinapangwaje? Chukua fundi cherehani pale Mwanga, cherehani moja, nguo nane, cherehani ndio prosesa na nguo ndio thredi. Ana daftari, kila nguo kaandika ameishona dakika ngapi, na anayoshika ni ile yenye dakika chache kuliko zote, anashona kidogo, anaandika, anaangalia tena. Inayosubiri vifungo anaiweka pembeni, vikifika inakuta wenzake wameshakula dakika nyingi kwahiyo inashikwa haraka, ndio maana herufi inatokea papo hapo hata kama kuna kazi nzito inaendelea nyuma. Ila haidai muda wote iliolala, ingedai ingeng'ang'ania cherehani peke yake. Na gauni la harusi ya kesho? Anashona dakika kumi anaandika tano, hivyo ndivyo thredi ya muhimu inavyopewa muda zaidi. Asihamehame sana tu, maana kila akibadili nguo lazima abadili na uzi na huo muda hakuna kinachoshonwa.

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza kupanga hivi 2007, kazi ya mtaalamu wa programu Ingo Molnár, mpangaji akaitwa CFS. Toleo la 6.6 la 2023 likaleta mpangaji mwingine, EEVDF, daftari limebaki ila kila thredi ina na muda wake wa mwisho wa kuhudumiwa. Kori, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, zikiwa nne ni cherehani nne, kila moja na foleni yake, foleni ikizidi nguo zinahamishwa.

Hapa sasa mfano wa fundi unapwaya, na ndipo panaponifurahisha kuliko kote. Fundi anaona anachoshona, lakini thredi ikiwa kwenye kori, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi ambacho ndicho fundi wetu, yenyewe haipo hapo, nayo ni programu inayohitaji prosesa, sasa itamwondoaje aliyekalia? Kuna saa ya kielektroniki inayogonga, kwenye Linux mara 100, 250 au 1000 kwa sekunde kutegemea ilivyopangwa, ikigonga prosesa inaacha ilichoshika na kurudi kwa keneli, itake isitake, hata programu iliyokwama kwenye mzunguko usioisha inanyang'anywa cherehani.