Mwanafunzi wa fildi apewe mfumo unaotumika

Kila mwaka vyuo vyetu hupeleka vijana wa TEHAMA kwenye mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wote tunayaita fildi. Wengi wao wameshasoma HTML, CSS, JavaScript na PHP, yaani lugha za kutengenezea tovuti, na wametengeneza tovuti zinazofunguka vizuri kwenye kompyuta zao. Wakifika ofisini wanapangiwa kubadilisha wino wa printa, kuvuta nyaya na kuweka Windows upya. Wanarudi chuoni daftari likiwa limejaa saini za msimamizi, ilhali hawajaandika hata mstari mmoja wa programu. Hiyo ni hasara kubwa, na inaepukika.

Sidharau kazi ya kuhudumia kompyuta. Ila utengenezaji wa mifumo ya mtandaoni una mambo yasiyofundishika darasani, kwa sababu darasani hakuna mtu anayeutegemea mfumo huo.

Chukua mfumo wa kupokea ada za shule kwa simu. Mzazi akishalipa, kampuni ya malipo hutuma taarifa kwenye seva ya shule, yaani kompyuta inayoendesha mfumo: namba ya muamala, kiasi, namba ya simu. Seva ikichelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kutumwa tena; mifumo mingi ya malipo imeundwa hivyo ili ujumbe usipotee mtandao unapokatika. Mwanafunzi aliyezoea mazoezi ya darasani huandika programu inayopokea taarifa na kuongeza kiasi kwenye akaunti ya mtoto, basi. Akiijaribu, inafanya kazi. Shule zinapofunguliwa na seva kuelemewa, mzazi aliyelipa shilingi 200,000 anaonekana amelipa 400,000, na mhasibu anakesha akitafuta hesabu ilipopotea. Dawa yenyewe ni fupi: kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, iwekewe sharti la kuikataa namba ya muamala iliyokwisha kuingia, na taarifa iliyojirudia ijibiwe kuwa imepokelewa bila kuongeza chochote. Kijana akilitatua tatizo hilo akiwa ameketi na mhasibu mwenyewe, hatalisahau.

Namba za simu nazo ni somo. Mteja yuleyule leo anaandikwa kwa kuanza na 07, kesho 255, keshokutwa +255, na mfumo unamhesabu kuwa watu watatu.

Ujerumani walilichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu mwaka 1997 wana uanagenzi wa miaka mitatu wa fani za kompyuta: kijana anasaini mkataba na kampuni, analipwa kila mwezi, na muda wake unagawanyika kati ya kazini na shule ya ufundi. Anayesomea utengenezaji wa programu hawezi kumaliza bila kufanya mradi wa kweli wa kazini usiozidi saa 80. Mradi huo huidhinishwa kabla hajauanza, kisha anauandikia ripoti na kuutetea mbele ya watahini. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi: mtihani umefungwa kwenye kazi yenyewe.

Najua waajiri wanachohofia, kwamba mwanafunzi ataharibu mfumo unaoingiza pesa. Hofu hiyo ina haki, lakini ina tiba. Kwa kutumia Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, kijana anafanya kazi kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni, na hakuna kinachowafikia wateja kabla ya mtaalamu mwenyeji kukisoma na kukikubali. Maoni anayoandikiwa pale, mstari kwa mstari, yana thamani kuliko mihadhara yangu mingi. Apewe pia nakala ya majaribio yenye majina na namba za kubuni. Taarifa za wateja halisi asipewe kiholela; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamhusu kila anayezishika.

Kwa upande wetu wakufunzi, tukienda kukagua tuache kuhesabu saini. Tufungue historia ya kazi ya mwanafunzi kwenye Git, tumuulize kwa nini alibadilisha mstari huu na nani aliufaidi.

Nawe mwanafunzi, wiki ya kwanza muombe msimamizi wako orodha ya malalamiko ya watumiaji. Chagua lililo dogo kabisa, hata kama ni kitufe kisichobonyezeka kwenye simu ndogo, ulimalize mpaka aliyelalamika akiri limekwisha, ndipo uombe lingine.