Hakuna Aliyetupikia Namba

Juzi kwenye matanga shemeji alinionyesha kwa wazee: "Huyu ndiye aliyekuwa akipika namba za kura za urais 2022 kwenye runinga." Wakacheka. Kinyozi wangu alishaniambia hivyohivyo, na makanga mmoja pia. Nimechoka.

Ushahidi wao ni mmoja tu: usiku uleule, saa ileile, stesheni hii inasema Raila Odinga anaongoza, ile inasema William Ruto. Basi kila stesheni ilikuwa na tajiri wake.

Tulipiga kura Agosti 9. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ikaweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229, kila mtu ajionee. Lakini ziliwekwa kama picha. Kwa hiyo lazima mtu afungue moja moja, asome mwandiko wa msimamizi wa kituo (wengine huandika 1 kama 7, Mungu awasamehe), achape, na mwenzake akague. Kwenye stesheni yetu kazi hiyo ilifanywa na vijana waliokesha kwa chai ya rangi.

Sasa, unaanza na fomu ipi? Hakuna aliyetupangia, kila chumba cha habari kilijiamulia. Ukianza na Siaya na Kisumu, ngome zake, Raila anapaa. Ukianza na Kericho na Bomet, ngome za Ruto, Ruto anapaa. Wote wawili mmesema kweli kuhusu fomu mlizokwisha kuchapa, na hamjasema lolote kuhusu zilizobaki. Kinachonikera zaidi ni neno "mwelekeo", ambalo hata watangazaji wetu walilipenda mno. Mwelekeo gani? Mchuzi unauonja baada ya kuukoroga. Fomu za kura hazikorogwi, zinakuja kwa mafungu, kaunti kwa kaunti. Ni kama pilau: aliyepakua juu kapata wali mtupu, aliyechota chini kapata nyama, halafu wanaitana waongo. Na matokeo yaliyotangazwa yalikuwa Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti ya kura 233,211. Kinyang'anyiro kikibana hivyo, anayeongoza atabadilika kila unapobadilisha fungu.

Asilimia zile pembeni mwa skrini nilizipanga mimi. Idadi ya fomu zilizohesabiwa niliiweka chini yake kwa herufi ndogo, ndogo kweli. Ningezigeuza: idadi ya fomu iwe kubwa, asilimia iwe ndogo. Siku hizi hata nashuku kama asilimia zilistahili kuwepo.

Lipo jambo jingine ambalo shemeji hana makosa kulishuku. Kabla Chebukati, mwenyekiti wa IEBC wakati huo, hajatangaza mshindi pale Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, Agosti 15, hesabu za runingani zilianza kujikokota, kisha zikaganda. Mtazamaji hakuelezwa kitu. Kwenye meza yetu neno lilikuwa "subiri". Siwezi kukuapia kama ilikuwa busara au woga. Na Mkenya huyuhuyu alipigiwa marufuku matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007, kisha Januari 30, 2018 akazimiwa stesheni kwa sababu ya kiapo cha Uhuru Park, Raila alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi". Namba zikiganda, unataka awaze nini?

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani alisema tusubiri. Nikamjibu: mhariri.

"Na mhariri aliambiwa na nani?"

Usiku ule sikumuuliza.