Namba ya plagi si namba ya boksi

Juzi mwalimu mmoja alifika gereji kwetu hapa Isevya, Tabora mjini, akiwa amepanda basi la asubuhi kutoka Sikonge. Gari lake, Nissan X-Trail T31, alikuwa ameliacha nyumbani limefunguliwa juu, koili zote nne, zile zinazoipa plagi umeme, ziko nje. Mkononi alishika boksi jipya namba 16, yaani soketi ya kufungulia plagi za cheche, na mfukoni plagi moja mpya ikiwa bado ndani ya kasha lake.

"Fundi, boksi linaingia vizuri, nikigeuza linazunguka bure. Plagi zimekatikia ndani?"

"Hapana, mwalimu. Hilo boksi ulichaguaje?"

"Nilipima plagi mpya kwa rula. Ni milimita 16."

Nikamwomba anionyeshe alivyopima. Akaweka rula kutoka kona moja ya ile nati ya plagi hadi kona inayoitazama. Hapo nikaelewa. Rula aliisoma sawasawa, ila spana na maboksi yote hupimwa kwa bapa: kutoka upande bapa hadi upande bapa unaoutazama. Nati ya pembe sita yenye 14 kwa bapa, ukiipima kona kwa kona inafika kama 16. Ya 16 inafika 18 na nusu. Ya 20.8 inafika 24. Kwa hiyo boksi la 16 liliivaa plagi yake ya 14 kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Angeongeza nguvu, angezitafuna zile kona, na plagi iliyotafunwa kona ndani ya shimo refu ni msiba. Nashukuru alisimama akapanda basi.

Nilimpa venia, kile kipimo chenye taya mbili, apime mwenyewe bapa kwa bapa. 14 kamili.

Naandika haya kwa sababu namba za plagi zinawachanganya watu wengi, na si kosa lao. Plagi moja ina namba zaidi ya moja. Kuna unene wa nyuzi, yaani ile sehemu inayojifunga ndani ya silinda hedi, na kuna upana wa nati, pale boksi linaposhika. Muuzaji akikwambia "hii plagi ni ya 14", mara nyingi anataja nyuzi. Ukienda ukanunua boksi la 14 kwa ajili ya Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ, halitaingia hata kidogo, maana nyuzi zake ni 14 lakini nati ni 16. Ile ya mwalimu nayo nyuzi ni 12, nati 14. Ndiyo maana 14 inaweza kuwa jibu sahihi kwa maswali mawili tofauti.

Mezani kwangu kuna plagi mbili za kampuni ya NGK ninazopenda kuwaonyesha vijana wanaojifunza: BPR6ES na BKR6E. Zote zina nyuzi za 14, zote zina urefu wa nyuzi wa milimita 19, na kiwango cha joto, yaani namba ya jinsi plagi inavyotoa joto, ni 6 zote mbili. Ukizisimamisha pamoja, ya kwanza ina kiuno kinene cha 20.8, ya pili ni nyembamba, 16. Hiyo K ndiyo inayokupa habari. Kwa Denso, kampuni nyingine ya plagi, ile inayoanza na W yenye nyuzi za 14 ina nati ya 20.6, na inayoanza na K ina ya 16. Ukizoea herufi hizi unajua boksi la kuchukua kabla hujafungua boneti.

Kwa magari tunayoyaona hapa, boksi la 16 ndilo linalofanya kazi siku nzima. Injini nyingi za zamani zinataka 21, ambalo kwenye seti za inchi limeandikwa 13/16. Lile la 16 limeandikwa 5/8. Usiogope ukikuta inchi, ni maboksi yale yale ya kazi ile ile. La 14 ndilo lililokuja baadaye, watengenezaji walipoanza kubana plagi ili vali na njia za maji zipate nafasi. Nissan ndiyo mfano wa karibu: X-Trail T30 ya injini ya QR inafunguliwa kwa 16, T31 ya MR20 kwa 14, na kwa nje watu wanayaona ni gari lile lile. BMW nyingi za karibuni zina 14 pia, lakini nati yake ina kona kumi na mbili, na boksi la pembe sita halifai. Tafuta la pembe kumi na mbili lenye ukuta mwembamba. Boda za aina ya CG125 zina plagi ya D8EA, na nati yake ni 18.

Kama una Land Cruiser ya dizeli ya 1HZ, hili halikuhusu. Ile haina plagi za cheche, ina hita za kupasha joto wakati wa kuwasha.

Ukubwa ukishapatikana, angalia ndani ya boksi. La plagi ni refu na lina raba au sumaku. Nilipokuwa najifunza nilitumia boksi refu la kawaida lisilo na raba kwenye Corolla ya mteja. Ekstensheni, ile fimbo ya kurefusha boksi, ikalala kidogo upande, nikasikia mlio mdogo kama wa kikombe kugonga sahani, nikapuuza. Kesho yake gari lilirudi linakohoa kila likikanyagwa mafuta. Kaure, ile sehemu nyeupe ya plagi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, cheche inapita pembeni. Ule mlio siwezi kuusahau.

Raba nayo ina tabia yake: inashika plagi vizuri kiasi kwamba ukivuta ekstensheni, boksi linabaki chini shimoni. Zungushia solotepu pale ekstensheni inapoungana na boksi. Na kabla ya kulegeza chochote, puliza upepo ndani ya shimo. Vumbi letu la kiangazi linajaa mle, na plagi ikitoka tu, linadondokea juu ya pistoni. Injini iwe imepoa kabisa.

Mwalimu aliondoka na boksi la 14. Jioni akapiga simu: zote nne zimetoka, nati zake zimechubuka kidogo tu.

"Sasa nizikaze kiasi gani, fundi?"

Nikamwambia aanze kwa kuchomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa vidole. Nyuzi zikipanda vibaya, mpira unateleza wenyewe kabla hujaharibu hedi. Hapo ndipo namba ya nyuzi inapopata kazi yake: kwenye hedi ya aluminiamu, NGK wanataja nguvu ya kukaza ya Nm (nyutoni-mita) 25 hadi 30 kwa nyuzi za 14, lakini 15 hadi 20 kwa za 12 kama zake. Asiye na spana ya kupimia nguvu hiyo atazame kasha la plagi, kuna mchoro wa mduara unaoonyesha ugeuze kiasi gani baada ya vidole kugoma.

"Naliona kasha," akasema. "Ngoja niwashe tochi."