Msiba wa Mchezaji Hauishi Matanga Yakianuliwa

Kigoma na Tabora zilipata timu za Ligi Kuu msimu mmoja, 2023/24: Mashujaa kwetu, Tabora United kwa jirani zetu. Tangu hapo mtu wa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma anaweza kukutajia bila kufikiri nani anasumbuliwa na nyama za paja, nani ametoka kuuguza kifundo cha mguu, nani ana kadi za njano zinazomtishia. Lakini mchezaji akifiwa, tunachojua ni kwamba alikwenda kuzika, akarudi. Wiki tatu baadaye anapoteza mipira ovyo, mtu jukwaani anapaza sauti kwamba kijana amekwisha, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Sisi tunaofanya kazi ya afya ya akili tunayaunganisha, na tunaziomba klabu, familia na mashabiki wa mikoa hii wafanye hivyo pia.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo wengi hukosea. Huzuni huhesabiwa kuwa jambo la moyoni, kwa hiyo kijana asiyelia huonekana yuko salama. Mwili haungoji machozi. Mtu akifiwa, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda na inaweza kubaki juu kwa wiki kadhaa. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu huongezeka hata akiwa ameketi. Hamu ya kula hukatika, kinga hulegea, mafua na homa humkamata kwa urahisi. Kikubwa zaidi ni usingizi. Usingizi mzito wa saa za mwanzo za usiku ndio wakati ambao mwili hutoa kwa wingi homoni inayokarabati misuli iliyochoka mazoezini, na mfiwa huukosa usingizi huo hata akiwa amelala kitandani saa nane nzima.

Sasa ongeza msiba wenyewe ulivyo kwetu. Kijana amesafiri kwa basi usiku na mchana. Amelala kwenye mkeka nje na wanaume wenzake, akila mara moja kwa siku au asile kabisa, na jeneza amelibeba juani. Anarudi kambini Alhamisi, Jumamosi kuna mechi. Kwa macho ya daktari yeyote wa michezo, huyo ni mchezaji aliyekosa mazoezi wiki nzima, aliyepungua uzito na ambaye hajalala. Kumpa dakika 90 ni kosa la kitabibu hata kabla hatujazungumzia huzuni yake.

Kisha kuna umakini. Mtazame kiungo mkabaji katika siku yake nzuri: kabla pasi haijamfikia ameshageuza shingo mara mbili, kulia na kushoto, anajua nani yuko mgongoni. Mtazame huyo huyo majuma mawili baada ya kumzika mama yake. Mpira unakuja, naye anautazama mpira tu, shingo haigeuki. Anaupokea vizuri, mguso hauna kasoro, lakini mpinzani alishafika na mpira umeporwa. Jukwaani huo huonekana uvivu. Golikipa naye hutoka kwenye krosi akiwa amechelewa nusu hatua, na nusu hatua kwa golikipa ni bao. Kazi yake hajaisahau. Sehemu ya akili yake imebaki wodini, au kwenye simu aliyopigiwa usiku, au kwenye maneno ambayo hakupata kumwambia marehemu. Fikra hizo hujirudia zenyewe, na kelele za kocha za kumtaka atulie kwenye mchezo hazizizimi.

Hapo ndipo majeraha huingilia. Mwaka 1988 wanasaikolojia Mark Andersen na Jean Williams walieleza jambo ambalo madaktari wa michezo wanalitumia hadi leo: mtu mwenye mzigo mzito wa maisha akikutana na presha ya mchezo, misuli yake hukaza kupita kiasi, macho yake huacha kuona vizuri mambo ya pembeni, na umakini hutawanyika. Misuli iliyokaza ikitakiwa kuchomoka kwa kasi huchanika. Asiyeona pembeni hukutwa na mguu wa mpinzani bila kujiandaa. Kuhusu uzito wa mizigo hiyo, kipimo cha msongo wa matukio ya maisha cha Holmes na Rahe cha mwaka 1967 kinakiweka kifo cha mwenza juu kabisa kwa pointi 100, na kifo cha ndugu wa karibu kwenye pointi 63. Kwa hiyo beki anayeumia nyama za paja mwezi mmoja baada ya kufiwa aulizwe pia kuhusu msiba, pamoja na viatu na uwanja.

Kigoma ina mzigo wake wa ziada, nao ni umbali. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi hapa ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na wachezaji wengi wa klabu zetu si wa hapa. Kuna waliotoka Tanga, Mtwara, Unguja, wengine nje ya nchi. Familia ya Kiislamu haitaweka maiti siku tatu kumsubiri. Maziko ni siku hiyohiyo au kesho yake. Matokeo ni kwamba kijana hufika nyumbani kaburi limeshafukiwa, na wengine hawafiki kabisa kwa sababu kuna mechi. Kukosa kuzika ni jeraha la pekee. Mtu hubaki na hisia kwamba hakumaliza wajibu wake, na wakati mwingine ndugu humkumbusha hivyo kwa maneno makali. Golikipa wa Liverpool, Alisson Becker, alifiwa na baba yake Februari 2021 nchini Brazili, na masharti ya corona yakamzuia kwenda kumzika. Mei mwaka huohuo alifunga kwa kichwa bao la ushindi dhidi ya West Bromwich Albion dakika ya 95, kisha akahojiwa huku analia, akimtaja baba yake. Karibu miezi mitatu ilikuwa imepita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo, katika mzunguko wa likizo, anapofiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa mtu wa Lindi anayechezea timu ya Kigoma, safari ya kwenda na kurudi inaweza kuzila karibu zote. Tunazishauri klabu zihesabu siku hizo kuanzia anapofika msibani, na pale fedha inaporuhusu zimkatie tiketi ya ndege.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi hadharani. Katika ukoo, mchezaji wa Ligi Kuu ndiye anayejulikana kuwa na mshahara. Taarifa ya kifo ikimfikia, mara nyingi hesabu inafuata nyuma yake: jeneza, gari la kubeba mwili, chakula cha waombolezaji, nauli za wajomba. Kijana wa miaka 22 anageuka kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi kabla hajapata nafasi ya kuwa mfiwa. Anakopa. Anarudi kambini na huzuni pamoja na deni, na deni hilo hamwambii kocha. Meneja wa timu anayempokea kijana kutoka msibani amuulize kwa upole, wakiwa wawili tu, kama kuna mzigo wa fedha uliobaki. Rambirambi ya klabu ikitolewa mapema, siku ya taarifa yenyewe, humtua mengi.

Je, acheze au asicheze? Tunaulizwa hili kila mara, na jibu letu ni kwamba aulizwe mwenyewe, kisha aulizwe tena. Frank Lampard wa Chelsea alifiwa na mama yake Aprili 24, 2008. Mechi iliyofuata hakucheza, lakini Aprili 30 aliingia kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Liverpool na akafunga penalti katika muda wa nyongeza. Cristiano Ronaldo alipopoteza mtoto wake mchanga Aprili 2022 alikosa mechi ya Liverpool, na siku chache baadaye akacheza dhidi ya Arsenal na kufunga. Mabao hayo yasitudanganye tukadhani mpira ni dawa ya msiba. Yanaonyesha tu kwamba kwa baadhi ya watu, saa moja na nusu ya kazi wanayoijua huwapa pumziko. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi: kuna saa anaikabili huzuni yake, na kuna saa anaiacha kando ashughulike na maisha. Uwanja unaweza kuwa sehemu ya hizo saa za pili. Unakuwa hatari pale mchezaji anapozuiwa zile za kwanza, akiambiwa ajikaze, mwanaume halii, timu inamhitaji.

Kuhusu kuficha habari, msimamo wetu ni mkali zaidi. Agosti 20, 2023 Olga Carmona alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake, Hispania ikaifunga Uingereza. Baada ya mechi ndipo alipoambiwa kwamba baba yake alikuwa amefariki siku mbili kabla. Familia iliamua hivyo kwa upendo, na hatuihukumu. Ila hapa kwetu, kifo kikitokea saa nne asubuhi, saa nne na nusu kimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp, na kijana atakisoma chumba cha kubadilishia nguo, peke yake kati ya watu ishirini. Aambiwe mapema, ana kwa ana, akiwa ameketi, na mtu anayemwamini. Maneno yawe machache na ya wazi: nani amefariki, lini, maziko ni wapi. Asiambiwe kwamba mama "anaumwa sana, nenda nyumbani", kisha agundue ukweli anapoona maturubai.

Anaporudi, arudishwe kikosini kama anayetoka kwenye majeraha. Daktari wa timu ampime uzito na mapigo ya moyo asubuhi kabla hajainuka. Aanze na mazoezi mepesi, halafu dakika ishirini au thelathini akitokea benchi. Kocha amuulize kila siku swali moja fupi: umelala? Uangalizi huu uzidi wiki ya tatu na ya nne badala ya kupungua, kwa sababu wakati huo simu za pole zimekoma, mkeka umekunjwa, na ukweli ndio unaanza kumwingia. Arobaini nayo iandikwe kwenye kalenda ya timu, pamoja na ratiba ya mechi, ili ruhusa isigeuke ugomvi siku mbili kabla. Mauti humrudia mtu kwa tarehe na kwa matukio. Diogo Jota wa Liverpool alifariki kwenye ajali ya gari Julai 3, 2025 pamoja na mdogo wake. Novemba mwaka huo, Scotland ilipofuzu Kombe la Dunia, mchezaji mwenzake wa Liverpool, Andy Robertson wa Scotland, alisema hakuweza kumtoa Jota akilini siku nzima.

Timu nzima pia inaweza kufiwa. Wazambia, wenzetu wa upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, walipoteza kikosi cha taifa kwenye ajali ya ndege nje ya pwani ya Gabon Aprili 1993. Mwaka uliofuata kikosi kipya kilifika fainali ya Mataifa ya Afrika, na mwaka 2012 Zambia ikatwaa kombe hilo Libreville, mji wa nchi ileile. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Hawakuombwa kusahau ili washinde.

Na wachezaji wanawake wasisahaulike. Anayepoteza mimba amefiwa, hata kama hakuna maturubai wala matanga, na mara nyingi anarudi mazoezini bila mtu kujua kilichompata.

Pombe isitumike kama dawa ya usingizi. Humlaza mtu upesi na kumwamsha saa nane usiku akiwa hoi zaidi. Vidonge vya usingizi visinunuliwe kiholela duka la dawa. Na kiwango kikishuka baada ya msiba, tafadhali tusikimbilie kusema kijana amerogwa, kwa sababu neno hilo humtenga na wenzake wakati anaowahitaji mno.

Wafiwa wengi hupata nafuu polepole bila tiba yoyote, wakizungukwa na watu wema. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ugonjwa ile huzuni inayobaki kali kila siku, ikimzuia mtu kuishi, zaidi ya miezi sita baada ya kifo. Usingoje miezi sita, hata hivyo, ikiwa kijana hali, halali, amejitenga kabisa, anakunywa kila siku, au anasema angetamani amfuate marehemu. Hilo la mwisho ni la siku hiyohiyo. Msimwache peke yake. Mleteni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora, na mwenzake wa chumbani kambini aje naye, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayejua usiku wake unavyopita.