UPS ya Kompyuta ya Nyumbani: Soma Wati Kabla ya Bei

Swali tunaloulizwa mara nyingi katika idara yetu ya umeme, chuoni hapa Tanga, kuhusu UPS, yaani kile kiboksi chenye betri kinachoilisha kompyuta umeme unapokatika, ni hili: "Mwalimu, UPS ipi itanifikisha mpaka umeme urudi?" Jibu letu huwavunja moyo wengi, lakini ni heri tuliseme kabla fedha haijatoka mfukoni. UPS ya nyumbani haikuundwa ili uendelee na kazi gizani. Imeundwa kukupa dakika za kuhifadhi faili na kuizima kompyuta kwa utaratibu, ili mtihani uliokuwa ukiuchapa usipotee na diski isipate hitilafu. Anayetaka kufanya kazi saa nzima nzima bila umeme atafute inveta yenye betri kubwa, au sola. Hiyo ni hesabu nyingine.

Ukiingia madukani Ngamiani utakuta boksi limeandikwa 650 kwa tarakimu kubwa. Hizo ni VA, yaani volti-ampea, si wati. Wati huandikwa kwa maandishi madogo ubavuni, na kwa UPS nyingi za bei ya kawaida ni kama asilimia 55 hadi 60 ya namba ile kubwa. Kwa hiyo UPS ya 650 hubeba wati 360 hadi 390 tu. Kompyuta ya mezani ya kuandikia, pamoja na kioo chake, hula kama wati 100. Yenye kadi kubwa ya picha, ya michezo au ya kuhariri video, huweza kuvuka 300. Jumlisha vyako, kisha bakiza nafasi ya robo.

Wati, hata hivyo, hazikuambii dakika. Dakika zimo ndani ya betri. UPS ya ukubwa huo kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, upate wati-saa 84. Kwa hesabu ya ubaoni, mzigo wa wati 100 ungedumu dakika 50, lakini haitokei hivyo. Ampea-saa zile hupimwa betri ikitoa umeme polepole kwa saa 20. Ikikamuliwa kwa haraka hutoa pungufu sana, na sehemu nyingine hupotea kuwa joto wakati wa kuugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230. Betri mpya itakupa robo saa hivi. Ikiisha kabisa, huhitaji saa 6 hadi 8 kujaa tena, kwa hiyo siku ambayo umeme unakatika na kurudi mara kwa mara, usiitegemee jioni kama ulivyoitegemea asubuhi.

Jambo ambalo ningekusihi ulilipie ni kirekebisha volti, ambacho kwenye boksi huandikwa AVR. Umeme ukiwa mdogo, UPS isiyo nacho huukataa na kuhamia kwenye betri, mara kumi kwa jioni moja, na betri hiyo haitadumu. Yenye AVR huupandisha umeme bila kuigusa betri. Na kama kompyuta yako ni mpya na ina nguvu, uliza kama UPS inatoa wimbi laini, yaani umeme unaopanda na kushuka taratibu kama ule wa ukutani: baadhi ya pawasaplai za kisasa, zile zinazoilisha kompyuta umeme kwa ndani, huzimika zikipewa umeme unaoruka kwa ngazi-ngazi.

Kwetu pwani, adui mkubwa ni joto. Betri hizi za risasi hutarajiwa kudumu miaka 3 hadi 5 katika nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza umri huo kama nusu. Chumba cha bati mwezi wa Februari kinajua chenyewe. Iweke chini, mbali na dirisha lenye jua, matundu yake yasizibwe na ukuta wala pazia. Wakazi wa Raskazone wawe waangalifu zaidi, kwani upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula vyuma vya ndani.

UPS za mtumba zina hatari yake. Soma kibandiko: ikiandikwa volti 120 na hezi 60, ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani na nchi za namna hiyo. Usiichomeke kwenye soketi yako. Hata mpya, tazama tarehe ya betri, kwa sababu betri iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa huwa imeshaanza kufa.

Pasi, friji na printa ya leza visiunganishwe kamwe kwenye UPS. Mwenye laptopu ana betri tayari. Anachohitaji ni UPS ndogo ya ruta, na ahakikishe volti zinalingana, maana ruta nyingine ni za 12, nyingine 9.

Ijaribu UPS yako kila baada ya miezi michache. Hifadhi kazi yako kwanza, kisha zima swichi ya soketi. Usichomoe plagi, ili waya wa ethi ubaki umeunganishwa.

Betri ikichoka, fundi aweke nyingine ya volti na umbo lilelile. Ile ya zamani mpe mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, haijapasuliwa. Tafadhali usimruhusu mtu aivunje uani na kuyeyusha risasi yake kutengenezea chubwi za mishipi: moshi wake ni sumu, na huharibu ubongo wa watoto wanaocheza karibu.